Kofia za Marehemu Watatu

Mtaani walimwita Bwana Pole, na jina lilimkaa. Kabla hajachukua cha mtu alisema pole, akishakichukua alisema pole tena, na zote mbili alizisema kwa sauti ya chini iliyomfanya mwenye mali ajione yeye ndiye mkosaji. Alikuwa na sura ya mtu anayetoka msibani na huko msibani amekula vizuri. Kazi hakuwa nayo. Kwa maoni yake kazi ilikuwa njia ya mzunguko ya kufika mahali ambapo mdomo unamfikisha mtu moja kwa moja.

Basi asubuhi hiyo Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu anatambaa, alimwita sebuleni. Sebuleni palikuwa na mgeni, mwanamume mnene, kimya, amepakata tarumbeta ya shaba.

"Huyu bwana anatafuta chumba," alisema Shangazi.

"Karibu sana, kaka," alisema Bwana Pole. "Mtaa huu vyumba ni vingi mpaka vinachosha."

"Anataka chako."

Mgeni akainua tarumbeta, akaipuliza mara moja kupima mwangwi. Ikatoka sauti moja tu, nzito, kama ya ng'ombe aliyesahauliwa malishoni. Akaishusha mapajani, akatazama kuta kwa kuridhika.

"Pananifaa," alisema.

Bwana Pole alimgeukia Shangazi kwa uso ule ule aliowahi kuutumia kwa wakopeshaji, mapolisi na wazazi wa wachumba. Haukufanya kazi. Shangazi ndiye aliyeufuta makamasi uso huo, na alikuwa anaujua kila kona.

"Mwisho wa mwezi," alisema. "Ukinionyesha kazi, unabaki. Ukiniletea kodi ya mwaka mzima kama mpangaji mwingine yeyote, unabaki. Huna hiki wala kile, kitanda chako kinalaliwa na tarumbeta."

Hapo Shangazi alikuwa amegusa penyewe. Kitanda kile Bwana Pole alikipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu aliyemwambia anampenda. Alikilalia tangu utotoni. Aliwahi kuanguka kutoka juu yake akiwa mdogo, akatoka nundu juu ya sikio la kushoto, na nundu ile haikurudi tena ndani. Ukubwani aliwahi kulala hotelini, kwa gharama ya mtu mwingine, akakesha. Usingizi wake wote ulikuwa umewekwa kwenye kitanda kimoja, na sasa mtu mnene mwenye shaba alikuwa anakuja kuukalia.

"Na kabla hujaanza kulia," alisema Shangazi akimpa kofia yake ya kutokea, "nipelekee hii kwa fundi, nyuma ya kinyozi. Utepe umebanduka."

Fundi wa kofia alikuwa mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Chumba chake kilijaa vichwa vya mti vya kukandia kofia, vikubwa kwa vidogo, vimepangwa rafuni vikimtazama kila anayeingia. Juu ya jiko birika lilichemka, na mdomoni mwa birika palining'inia kipande cha mpira kisichoshika kitu.

"Pale huwa na bomba la kuelekezea mvuke," alisema Fundi, ingawa hakuulizwa. "Limekwenda kuchomelewa. Leo mvuke unajiendea tu."

Bwana Pole hakumsikia. Alikuwa anatazama ukuta wa pili. Zilitundikwa kofia za pama za sufu iliyoshindiliwa, nyeusi, za kahawia, za kijivu, zenye utepe mpana na ukingo ulioinama kidogo mbele, kofia za enzi zile ambazo mwanamume hakwenda kununua kiberiti kichwa wazi. Zilikuwa nzuri mno, na vumbi lilikuwa limezizoea.

"Haziendi?" aliuliza.

"Watu wanazipenda sana," alisema Fundi. "Wanazijaribu, wanajitazama kwenye kioo, wanacheka, wanazirudisha. Wanasema, mama, hii nitaivaa wapi? Nawaambia vaa uende sokoni, vaa uende kazini. Wanasema watachekwa."

Hapo, msomaji, ndipo akili ya Bwana Pole ilipoamka, ikajinyoosha, ikatafuta viatu vyake. Aliona jambo ambalo mama wa watu hakuliona kwa miaka yote. Mtu ataona haya kuvaa kofia mpya ya mtindo wa zamani, maana anaonekana anaigiza. Lakini mpe mtu huyo huyo kofia ya marehemu mkubwa, na uone kama hatalala nayo.

"Mama," alisema kwa upole, "kofia zako zina kasoro moja tu. Ni mpya."

"Ndiyo, nazitengeneza mimi."

"Nina kikundi cha maigizo. Watu wa heshima, wa nchi za mbali. Wanataka kofia zilizozeeka. Nikabidhi mimi, nizipeleke, wakishamaliza maigizo yao nakuletea hela yako yote hapa hapa."

Kikundi hicho hakikuwapo, na nia ya Bwana Pole ilikuwa kwamba hela nazo zisiwepo. Fundi alimtazama juu ya miwani, kwa utulivu.

"Kuzeesha naweza," alisema. "Chai kidogo, jivu kidogo, jua. Lakini hapa," akageuza kofia, akaupitishia kidole ukanda wa ngozi wa ndani, "hapa hapadanganyiki. Kofia haizeeki rafuni, mwanangu. Inazeeka kichwani. Lazima mtu aivae, aitolee jasho, aivue akisalimia watu, aikalie kwa bahati mbaya, aivae tena."

"Kichwa cha nani?"

Fundi alikizunguka kichwa chake polepole, kama mtu sokoni anayechagua tikiti. Akaigusa nundu, akanong'ona kitu cha kifundi.

"Chako kitafaa," alisema. "Ila sharti moja. Mtu akikuuliza umeipata wapi, sema kwa fundi, nyuma ya kinyozi. Ukianza kusema ni vitu vya kale, utaporwa njiani. Mji umejaa wezi huu."

Bwana Pole alikubali mara moja. Kuhusu wezi alikuwa makini sana.

Na hivyo akaanza kuzeesha kofia. Aliamka mapema, jambo ambalo mwili wake ulidhani ni ugonjwa. Alivaa pama nyeusi kwenda kununua mkate, ya kahawia kwenda kupanga foleni kwenye benki ambako hakuwa na akaunti, ya kijivu kumsindikiza mgonjwa asiyemfahamu hospitalini, kwa kuwa korido za hospitali zilikuwa na joto zuri la kutoa jasho. Aliivua kofia kwa kila mtu aliyekutana naye, akaivaa, akaivua. Jioni aliripoti kwa Fundi, naye Fundi alinusa ukanda wa ndani kama daktari.

"Hii bado haijaiva. Kesho panda nayo kile kilima cha matangi ya maji. Kwenda na kurudi."

Alipanda. Alirudi akihema, amelowa, viatu vimekwisha upande mmoja. Mtu asiyejua mambo angeweza kusema kwamba Bwana Pole alikuwa anafanya kazi, lakini tusimvunjie heshima kwa kumsingizia.

Na njia nzima watu walimsimamisha. Mwanamume aliyevaa kofia ile bila kucheka, akanunua nayo mkate kana kwamba ndivyo dunia ilivyo, alikuwa kitu kigeni na cha kutamanika. "Bwana, hiyo umeipata wapi?" "Kwa fundi, nyuma ya kinyozi." Alijibu hivyo sokoni, benki, kilimani, mpaka Shangazi akamlalamikia kwamba ameanza kulisema jibu hilo usingizini.

Kofia ya kwanza kuiva ilikwenda kwa mwenye bucha, mtu wa kifua kipana aliyekuwa anautaka uenyekiti wa wafanyabiashara wa soko na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Bwana Pole alisimama mbele ya nyama, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Pole sana, bosi."

"Pole ya nini?"

"Ya Jaji. Hukusikia? Ndiyo kofia yake hii. Alikuwa akiivaa, wanasheria wanakohoa kwa zamu. Familia wameniomba nimtafutie mtu wa kuirithi, mtu mwenye sauti. Nikasema, sauti naijua iko wapi."

Mwenye bucha alifuta damu mikononi, akaichukua kofia kama anayepokea mtoto mchanga. Ukanda wake ulikuwa umekolea jasho la miaka mingi, yaani la wiki moja. Akaivaa. Ikamkalia upande, imenuna.

"Hapa inabana," alisema. "Na huku juu ya sikio pana shimo."

"Inakusikiliza, bosi. Jaji mwenyewe hakuwa mwepesi wa kuzoeana na watu. Ipe muda."

Mwenye bucha alilipa bila kuomba apunguziwe, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameshamwambia mama mmoja kwamba ombi lake la maini limesikilizwa na limekataliwa.

Ya pili ilikwenda kwa dalali wa viwanja, aliyehitaji kuaminiwa kwa sababu alikuwa ameuza kiwanja kimoja kwa watu wengi mno. Huyo alipata kofia ya marehemu Nahodha, ambaye hakuwahi kupoteza meli. Ya tatu aliichukua mwalimu wa udereva, mtu aliyekuwa anatetemeka mikono kila mwanafunzi akigusa gia. Yake ilikuwa ya marehemu Daktari wa wagonjwa wa akili, mtu mtulivu kuliko maji ya mtungini. Baada ya siku chache mwalimu alikuwa anawauliza wanafunzi, gari likielekea kwenye mtaro, kama waliwahi kupendwa na baba zao.

Wote watatu walilalamikia bonde lile lile juu ya sikio la kushoto. Bwana Pole aliwajibu wote kwamba marehemu wakubwa wana vichwa vya namna yake. Hakujiuliza kwa nini majaji, manahodha na madaktari wote walikuwa wameanguka kutoka kitanda kimoja. Sufu haina adabu kama watu. Ikikaa kichwani inachukua umbo la kichwa hicho na kuling'ang'ania, na kila kofia aliyoizeesha ilikuwa imemzaa yeye upya, na nundu yake.

Hela hakuziweka mfukoni, kwa kuwa mifuko ya watu aliifahamu vizuri. Alijichagulia pama moja ya kahawia aliyoizeesha mwenyewe, akafumua bitana, akazipanga noti ndani, akaishona tena kwa mkono wake. Mshono ulipinda kama njia ya mlevi, lakini nani atamvua mtu kofia kuangalia mshono? Kichwa kilimwelemea kidogo, na uzito ule ulimpa raha. Alianza kutembea kwa shingo iliyonyooka. Wapita njia walidhani ni majivuno ya bure.

Siku ya mwisho wa mwezi kodi ya mwaka mzima ilikuwa imetimia juu ya kichwa chake. Ilimbidi apite kwa Fundi kumuaga, yaani kumwambia wale watu wa maigizo wamechelewa kidogo. Njiani mvua ikamnyeshea.

"Ukingo umelegea," alisema Fundi hata kabla ya salamu. "Kaa hapo niupige mvuke."

"Hapana, Mama, nina haraka."

"Utatoka hivyo mbele za watu na kofia inayodondosha masikio? Watasema ni kazi yangu."

Bwana Pole alitazama kwenye kioo. Kweli ukingo ulikuwa umeanguka. Na alikuwa anakwenda kumkabili Shangazi na mpiga tarumbeta katika saa yake ya ushindi. Akaivua, lakini akasogeza kigoda mpaka magoti yakagusa jiko, asiipoteze kofia machoni.

"Bomba lako la mvuke bado halijarudi?" aliuliza.

"Lilirudi, limeondoka tena. Shaba za siku hizi, mwanangu."

Birika likachemka, na kwa kuwa hapakuwa na bomba la kuuelekeza, mvuke ulijaza chumba chote. Vile vichwa vya mti vikazama kimoja kimoja. Bwana Pole aliiona kofia, akaona mikono ya Fundi, halafu akaona weupe mtupu na kusikia kikohozi chake mwenyewe. Weupe ulipopungua, Fundi alikuwa amesimama mbele yake ameishika pama ya kahawia, ukingo umenyooka kama siku ya kwanza.

Hakuwa mjinga. Aliipapasa. Uzito ulikuwapo. Aliibonyeza bitana, ikakwaruza kwa ndani. Akatazama mshono, ulipinda vile vile. Akaivaa, na nundu yake ikaingia mahali pake kama mtu anayerudi nyumbani. Akashusha pumzi.

"Pole kwa kazi, Mama," alisema, akatoka.

Sebuleni kwa Shangazi mpiga tarumbeta alikuwa ameshawasili na begi. Tarumbeta ilikuwa mapajani. Shangazi alikaa kitini kwake amevaa kofia yake ya kutokea, utepe umegandishwa vizuri.

Bwana Pole alipiga goti. Jambo hili alikuwa amelifanyia mazoezi kilimani.

"Shangazi yangu, mama yangu," alisema, "umenilea, umenivumilia, na leo umetaka kunibadilisha na shaba. Sikulaumu. Nimekuletea kodi ya mwaka mzima. Kaka, samahani, chukua begi lako."

Akavua kofia, akatoa wembe, akafumua mshono polepole ili wote wafaidi. Akaipindua juu ya meza.

Vikaanguka vipande vya kitambaa kigumu cha kutilia ndani ya ukingo, vimekatwa kwa ukubwa wa noti, na vumbi la sufu. Alikung'uta tena. Kikaanguka kifungo.

Bwana Pole alihisi baridi kichwani, mahali palipokuwa na joto wiki zote zile. Alifikiria kitanda, lile bonde la katikati lililochongwa na mgongo wake tangu utotoni, na macho yakamjaa machozi ya kweli, ambayo hakuyazoea na hakujua yanafutwaje.

Mpiga tarumbeta, kwa kuwa hakujua la kufanya, akapuliza ile sauti yake moja.

"Hodi," ilisema sauti mlangoni. Akaingia Fundi wa kofia, miwani yenye uzi, mkoba begani. Alipita moja kwa moja mpaka kwa mpiga tarumbeta, akanyoosha mkono.

"Kaka, lete bomba langu. Nimefunikwa na mvuke kama niko mawinguni, na nina wateja wamepanga mstari mpaka kwa kinyozi."

Mpiga tarumbeta akaichomoa ile sehemu ya mdomo, ambayo ilikuwa kipande tu cha mpira, akampa Fundi, ambaye kumbe ni dada yake, iliyobaki. Mkononi mwa Fundi haikuwa tarumbeta hata kidogo. Lilikuwa bomba la shaba, jembamba huku na pana kule, la kumwagia mvuke ndani ya kofia.

Bwana Pole alimtazama huyu, akamtazama yule, akamalizia kwa Shangazi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu utepe," alisema Shangazi. "Niliubandua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Nilijua ukifika pale utataka kuiba kitu, ila sikujua ni kitu gani. Nikamwambia mwenzangu, muache aibe, ila uhakikishe anaiba huku anatoka jasho."

"Hela zangu," alisema Bwana Pole.

"Za kofia zangu," alisema Fundi bila hasira. "Mshono wako niliuona tangu siku ya kwanza, mwanangu. Kazi ngumu kuliko zote niliyowahi kufanya ni kuiga ubaya wake. Kofia niliyokubadilishia kwenye mvuke hungeitilia shaka, maana za kahawia ulinizeeshea mbili, na kila uliyozeesha inakutosha wewe peke yako. Wengine wote wamezirudisha kwangu niwakandie upya."

Bwana Pole akainua kichwa. Palikuwa na tundu dogo la kupenya na akalikimbilia. "Basi wanajua. Wanajua hakuna Jaji. Watanitafuta. Shangazi, lazima nihame mji."

"Niliwaambia wote ukweli," alisema Fundi. "Mwenye bucha akasema nisimwambie mtu. Anasema tangu apate ile kofia hakuna anayebishana naye bei, na uenyekiti wanampa. Mwalimu wa udereva haamini. Anasema Daktari alimtokea kwenye mzunguko wa barabara. Dalali kaagiza mbili." Akafungua mkoba, akaweka mezani bahasha nene. "Na wengine wote wanakuja wanasema, nataka kama ya yule bwana anayevua kofia kwa kila mtu. Huo ni mshahara wako. Wa kuzeesha na wa kutembeza."

Bwana Pole alinyoosha mkono. Mkono wa Shangazi ulitangulia.

"Kodi hiyo," alisema, akaitia bahasha kifuani.

"Shangazi," alisema Bwana Pole, na sauti yake ilikuwa imevunjika kabisa. "Shangazi, mimi nimetapeliwa."

"Hapana, mwanangu. Umeajiriwa."

Alilala kitandani kwake kama jiwe. Aliamka na mpango mzuri sana wa kutokwenda, akakuta kofia mpya ya kijivu imetundikwa kwenye kitasa cha mlango, na upande wa pili wa ukuta yule mnene, aliyepangishwa chumba kingine, akijifunza, kwa shida, sauti ya pili, safari hii kwa tarumbeta ya kweli. Akavaa, akatoka.

Sokoni mwenye bucha alikuwa nje ya duka lake, Jaji kichwani, sasa amekaa sawa. Alipomwona Bwana Pole akatua kisu, akaivua kofia na kuiweka kifuani.

"Pole sana, bwana," alisema kwa huruma ya kweli.

"Pole ya nini?"

"Nasikia umepata kazi."